Starfleet Ni Jeshi, na Kukana Ndiko Kubaya

Hotuba hii niliitoa mjini Mombasa, kwenye mkusanyiko wa wapenzi wa hadithi za sayansi na anga. Waliokosa kufika wameiomba, basi naiweka nzima kama nilivyoisema. Picha zilizokuwa zikionyeshwa ukutani nimeziacha.

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu, mabibi na mabwana, na ninyi vijana mliojibandika masikio ya Spock na jua hili: hamjambo? Wazee, shikamooni.

Nimepewa swali moja tu, na swali lenyewe nasikia limeshawatenganisha marafiki humu ndani. Je, Starfleet ni jeshi?

Niwaeleze kidogo wale walioburutwa hapa na watoto wao. Starfleet ni kikosi cha vyombo vya anga katika tamthilia ya Star Trek, iliyoanza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Kikosi hicho kinalitumikia Shirikisho la sayari nyingi, Dunia yetu ikiwemo. Chombo chake mashuhuri ni Enterprise. Nahodha ni Kapteni Kirk, na kwenye mawasiliano ameketi Luteni Uhura, ambaye jina lake mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa. Mwaka 1967 mashine moja ilimfuta kumbukumbu, na alipokuwa akifundishwa upya kusoma Kiingereza, Kiswahili kikamponyoka. Huyo ni wetu, hata wakikataa.

Kazi ya Enterprise, tunaambiwa kila kipindi kinapoanza, ni kuchunguza. Sasa jibu langu nalitoa mapema, ili mwenye kuwahi feri aondoke nalo. Starfleet ni jeshi. Na mimi sioni ubaya katika kuwa jeshi. Ubaya nauona katika kukana.

Tuwatendee haki kwanza wanaokataa, maana hoja zao si za kipuuzi. Mwaka 1989 Kapteni Jean-Luc Picard, nahodha wa Enterprise ya zama zilizofuata, alitakiwa kushiriki mazoezi ya vita. Alishiriki shingo upande, na akasema waziwazi kwamba Starfleet si chombo cha kijeshi, kazi yake ni uchunguzi. Ukikitazama chombo chake unamwelewa. Mna watoto humo. Mna shule. Mna wake na waume za maofisa. Nani anampeleka mtoto wa darasa la pili vitani?

Halafu kuna hoja ya MACO, na hii ndiyo inayotolewa kwa kelele kuliko zote. Katika mfululizo unaosimulia siku za mwanzo, kabla Shirikisho halijaundwa, kunapanda chomboni askari waitwao MACO. Wana mkuu wao na mazoezi yao, na ofisa wa silaha wa Starfleet, Malcolm Reed, anachukiana na mkuu huyo mpaka wanatwangana ngumi. Basi, wanauliza, kama Starfleet ni jeshi, hawa nao ni nani?

Ndugu zangu, mtu aliyewahi kusoma habari za manowari za Waingereza hawezi kusumbuliwa na hoja hiyo. Manowari zao zimebeba askari wa miguu tangu karne ya 17. Askari hao walikuwa na sare yao na wakubwa wao. Je, kuna aliyesema kwa sababu hiyo kwamba mabaharia wa Admirali Nelson walikuwa raia?

Na upande wangu pia una hoja mbovu, niitupe mwenyewe kabla hamjanitupia. Wapo wanaosema: wana sare, wana vyeo, luteni, kapteni, admirali, basi yamekwisha. Hayajaisha. Kule Marekani kuna kikosi kiitwacho NOAA Corps. Maofisa wake ni kama mia tatu tu. Wanaongoza meli za utafiti wa bahari na wanarusha ndege zinazoingia ndani ya kimbunga kwenda kupima upepo. Wana vyeo vilevile vya wanamaji. Silaha hawana, na sheria ya nchi yao haiwahesabu miongoni mwa majeshi.

Lakini sikilizeni vyeo hivyo walivipataje. Mwaka 1917 Marekani inaingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wapimaji wa pwani wanatakiwa wakafanye kazi pamoja na jeshi. Likazuka swali la kisheria. Raia akikamatwa na adui, mkononi ana vyombo vya kupimia na ramani za bandari, huyo atahesabiwa nani? Jasusi. Na jasusi wakati huo alikuwa anapigwa risasi. Wakapewa vyeo, ili wakikamatwa wahesabiwe mateka wa vita. Shikeni kisa hicho, tutakihitaji tukifika kwa Picard.

Sasa kipimo ni nini? Mimi kazi yangu ni sheria za bahari, na ugonjwa wa watu wa sheria ni kukimbilia kifungu. Kipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, kifungu cha 29, unaeleza manowari ni nini. Iwe ya majeshi ya nchi fulani. Iwe na alama za nje zinazoonyesha ni ya nchi hiyo. Iongozwe na ofisa aliyepewa cheo na serikali, jina lake likiwa kwenye orodha ya maofisa. Na mabaharia wake wawe chini ya nidhamu ya kijeshi.

Mmesikia mizinga ikitajwa? Haikutajwa. Mmesikia kifungu kikiuliza safari ni ya nini? Hakiulizi. Meli inaweza kuwa inapima kina cha bahari mwaka mzima, ikabaki manowari.

Enterprise ina alama: NCC-1701, imeandikwa ubavuni kwa herufi ambazo hata kipofu angezipapasa. Ina ofisa mwenye cheo. Nidhamu? Mwaka 1967 Kirk mwenyewe alisimamishwa mbele ya mahakama ya kijeshi akituhumiwa kusababisha kifo cha ofisa wake. Nahodha wa meli ya utafiti akikosea anafutwa kazi, pengine anashtakiwa mahakama ya kawaida. Hashtakiwi na maadmirali waliojipanga mezani na nishani vifuani.

Mtaniambia kifungu kinaanza na maneno “ya majeshi”, kwa hiyo kinazunguka na kuturudisha pale pale. Kweli. Ndiyo maana nimejitengenezea kipimo changu, na kina maswali mawili tu. La kwanza: huyu anaweza kuamriwa kuua, na akikataa aadhibiwe? La pili: adui akija, nani anatumwa?

Nendeni nayo hapa hapa bandarini Kilindini. Kule Mtongwe kuna kambi ya Jeshi la Wanamaji, na hakuna anayeuliza maswali. Taasisi yetu ya utafiti wa bahari, KMFRI, ina meli yake, RV Mtafiti, tuliyopewa na Wabelgiji. Hiyo inachota maji, inavuta nyavu, inahesabu samaki. Adui akitokea Mtafiti itageuza omo irudi gatini, na itakuwa imefanya sawasawa kabisa. Katikati wapo walinzi wa pwani walioanzishwa mwaka 2018, wenye sare, boti na bunduki, lakini wakiwa chini ya wizara ya mambo ya ndani. Hao ni wa kujadiliwa, na nimewahi kuwajadili mpaka chai ikapoa.

Enterprise ingefunga gati gani?

Nitawasimulia kisa kimoja cha mwaka 1967, na kwangu mimi hiki peke yake kinatosha. Enterprise inafika kwenye sayari iitwayo Eminiar VII. Sayari hiyo iko vitani na jirani yake kwa miaka 500, ila vita vyenyewe havina moshi wala vumbi. Vinapiganwa na kompyuta. Kompyuta ya upande mmoja inarusha shambulio la hesabu, ya upande wa pili inahesabu waliokufa, na waliotajwa kufa wanakwenda kwa miguu yao, kwa utaratibu, mpaka kwenye vibanda vya kuwayeyusha. Majengo yanabaki. Sanaa inabaki. Wanajivunia ustaarabu wao. Kwa kuwa vita vimesafishwa hivyo, hakuna anayeona haja ya kuvimaliza.

Kirk anakamatwa huko chini. Anampigia Scotty, mhandisi aliyeachiwa chombo, na kumwambia atekeleze Amri ya Jumla namba 24, baada ya saa mbili. Mnajua amri hiyo inasemaje? Kuangamiza uso wote wa sayari unaokaliwa na watu. Wote.

Hebu tulieni hapo kidogo. Scotty hakuuliza “amri gani hiyo?” Haikuwa hasira ya nahodha mmoja. Ni amri iliyoandikwa, ikapewa namba, ikahifadhiwa kwenye kitabu pamoja na nyingine 23 kabla yake. Mahali fulani kuna watu waliokaa kikao, wakajadili maneno yake, wakapitisha. Ni chama gani cha wachunguzi kilicho na utaratibu wa maandishi wa kuteketeza sayari? Wanajiografia? Wanamimea?

Amri haikutekelezwa, alhamdulillahi. Kirk akavunja zile kompyuta, na wale watu wakalazimika kuchagua kati ya vita vya kweli na amani ya kweli. Lakini bastola aliyotishia nayo ilikuwa na risasi.

Na swali langu la pili, la nani anatumwa? Hapo tusikae sana. Maadui waitwao Borg walipolivamia Shirikisho, waliotumwa ni Starfleet, pale Wolf 359. Vyombo 39 viliangamia, na watu karibu 11,000 wakafa. Mmojawapo ni Saratoga, na Saratoga ilikuwa na familia ndani. Benjamin Sisko anamkuta mkewe Jennifer amelaliwa na vifusi, amekwisha kufa, naye hataki kutoka. Ofisa mwenzake anamvuta kwa nguvu mpaka kwenye chombo cha kujiokolea, na humo yumo mtoto wao, Jake. Mliosema watoto ni ushahidi kwamba chombo ni cha raia, nawaomba mtazame tena tukio hilo. Watoto hawakukifanya chombo kuwa cha raia. Chombo kiliwapeleka watoto vitani, na wazazi wao walikuwa wameambiwa wanakwenda kuchunguza nyota.

Baada ya hapo wakaunda Defiant, chombo kisicho na shule wala familia, kimejaa silaha. Sisko anapokitambulisha mwaka 1994 anasema kwenye karatasi ni chombo cha kusindikiza vingine, ila kwa kweli ni cha vita, basi. Mnamwona mtu anayejua tofauti ya karatasi na chuma.

Sasa twendeni kwenye historia, maana wapo wanaofikiri mchunguzi mwenye mizinga ni ndoto ya waandishi wa televisheni. Ninyi mnaotoka Changamwe, mnapita Port Reitz kila siku. Reitz ni nani?

Mwaka 1822 Kapteni William Owen wa jeshi la wanamaji la Uingereza alitumwa na manowari mbili, Leven na Barracouta, kuja kupima pwani ya Afrika. Kazi yake ilikuwa bildi na ramani. Mabaharia wake wanatupa bildi, wanasoma kina, wanaandika. Wanasonga mbele, wanatupa tena. Wengi wao walikufa kwa homa wakifanya kazi hiyo, na ramani zao zilikuwa nzuri sana. Mchunguzi wa kweli, hapo hatubishani.

Mwezi Februari 1824 Owen anafika Mombasa. Ukoo wa Mazrui ulikuwa ukitawala hapa, na Seyyid Said wa Oman alikuwa akiutaka mji. Owen anakuta bendera ya Uingereza inapepea ngomeni; Mazrui wenyewe ndio walioipandisha, wakitafuta kinga. Owen alikuwa mtu mwenye kuchukia biashara ya utumwa, na akaona mlango umefunguka. Akafanya nao mapatano: Mombasa iwe chini ya ulinzi wa Mwingereza, Mazrui waendelee kutawala, ushuru wa forodha ugawanywe, na biashara ya watumwa ikomeshwe. Akamwacha Luteni Reitz awe mwakilishi, kijana mdogo. Haikufika hata nusu mwaka homa ikamuua. Akaja Luteni Emery kushika nafasi yake mpaka 1826, London ilipokataa mpango mzima na bendera ikateremshwa. Mazrui wakaachwa peke yao mbele ya Seyyid Said, na mnajua wenyewe yaliyowapata mwaka 1837.

Sasa niulizeni: nani alimwamuru Owen aweke nchi chini ya bendera? Hakuna. Alitumwa na bildi. Ila alikuwa nahodha peke yake, mbali na serikali yake kwa miezi, mwenye mizinga, mwenye bendera, na mwenye nia njema. Huyo ni Kirk! Huyo ni Kirk kabisa, toka unyayo hadi utosini, hata ule ugonjwa wa kutaka kuokoa kila sayari anayoiona. Neno lake halikupata nguvu kutokana na ramani. Mazrui hawakupandisha bendera ya wapima ramani. Walipandisha bendera ya wenye manowari.

Hata sheria ya anga yenyewe inajua kwamba askari anaweza kufanya sayansi na akabaki askari. Mkataba wa Anga ulifunguliwa kutiwa saini Januari 1967, Kirk akiwa bado katika msimu wake wa kwanza. Unakataza kambi za kijeshi na majaribio ya silaha mwezini na kwenye sayari. Halafu unasema kutumia wanajeshi kwa utafiti wa kisayansi hakukatazwi. Gagarin, mtu wa kwanza kwenda angani, alikuwa ofisa wa jeshi la anga. Wale Wamarekani saba wa kwanza walioteuliwa kwenda angani, ingawa NASA ni shirika la kiraia, wote walikuwa marubani wa kijeshi.

Nawaona wengine mnajiuliza, sasa inatuhusu nini? Kiitwe jeshi, kiitwe klabu ya darubini, si hadithi tu? Simba mwenda pole ndiye mla nyama, na kuna watu wawili wanaoliwa.

Wa kwanza ni mvaa sare mwenyewe. Desemba 1992, Picard, yule yule wa 1989, anatumwa kwa siri pamoja na maofisa wake, Worf na Daktari Crusher, kuingia kwenye kituo cha Wakadasia, wapinzani wa Shirikisho. Ni kazi ya makomando, nisiipake rangi. Inakuwa mtego, na Picard anakamatwa. Wakadasia wanatoa sharti: Shirikisho likikiri kwamba alikwenda kwa amri yake, atatendewa kama mateka wa vita chini ya mkataba wa Seldonis IV. Lisipokiri, ni gaidi tu. Kapteni Jellico, aliyepewa Enterprise, anakataa kukiri. Riker, msaidizi wa Picard, anamjia juu, akavuliwa wadhifa. Na kule chini Picard amevuliwa nguo, amening’inizwa mikono, anaulizwa anaona taa ngapi. Zipo nne. Anatakiwa aseme tano.

Mnawakumbuka wale wapimaji wa 1917? Walipewa jina la kijeshi ili wasife kifo cha jasusi. Picard alikosa jina hilo siku aliyolihitaji. Sisemi yeye ndiye aliyejinyima kwa maneno yake ya 1989. Nasema kikosi kilichozoea kusema “sisi si wanajeshi” kilipata wepesi wa kusema “huyo si wetu”.

Wa pili anayeliwa ni raia, na hapa wazee nawataka mnisaidie. Mwaka 1996 tunaonyeshwa Dunia ikiwa na hofu ya maadui wanaoweza kugeuka umbo la mtu yeyote. Admirali Leyton wa Starfleet anataka hali ya hatari itangazwe. Rais wa Shirikisho, raia, anasitasita. Ghafla umeme wa Dunia nzima unazimika. Rais anakubali. Askari wa Starfleet wanatokea barabarani na bunduki, watu wanapimwa damu kuthibitisha ni binadamu. Baadaye inagundulika umeme ulizimwa na wanafunzi wa chuo cha Starfleet chenyewe, kwa amri ya Leyton.

Sisko ana baba yake, Mzee Joseph, mwenye mgahawa New Orleans. Mzee amekataa kupimwa damu. Wanabishana jikoni, mzee anakatakata mboga, kisu kinamteleza kinamkata. Na Sisko, badala ya kuutazama mkono wa baba yake, anautazama ule ubapa wa kisu. Anangoja kuona kama damu itageuka. Mzee anamwona anavyotazama.

Mwisho wake chombo cha Starfleet kiliirushia moto Defiant, ndugu kwa ndugu, kabla nahodha wa chombo hicho kilichorusha hajagoma kuendelea na Leyton kujiuzulu.

Sisi tunaokumbuka jaribio la mapinduzi hapa Kenya, Agosti 1, 1982, redio ilipoanza kusema mambo yake alfajiri, hatuna haja ya kuelezwa hicho ni kitu gani. Nchi inayojua kwamba ina jeshi inaliwekea uzio: nani anaweza kulitoa kambini, kwa idhini ya nani, kwa siku ngapi. Bunge linauliza. Magazeti yanauliza. Uzio huo huvunjwa, najua, nimesoma historia ya bara hili. Lakini walau upo wa kuvunjwa. Nani atajenga uzio kuwazuia wachunguzi wa nyota? Atachekwa.

Gene Roddenberry, aliyeianzisha tamthilia hii, alirusha ndege za mabomu za B-17 katika Pasifiki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha akawa polisi Los Angeles. Filamu ya pili, ya 1982, ilipokivalisha kikosi chake sura ya jeshi la wanamaji, hakufurahi. Namheshimu kwa hilo. Alitaka watu wenye nguvu kubwa waitumie kwa kujizuia, na kujizuia huko ndiko kunakonifanya mimi nitazame mpaka leo. Ila huwezi kumsifu mtu kwa kujizuia kutumia upanga huku unasema hana upanga.

Na wenyewe wanajua. Katika filamu ya 1991, Shirikisho linakaribia kufanya amani na Waklingoni, mahasimu wake wa siku nyingi, na wakubwa wa Starfleet wamekaa kikaoni. Mmoja anauliza: je, maana yake tunakwenda kuviweka vyombo vyetu bohari? Mkuu wao anamtuliza kwamba shughuli za uchunguzi na sayansi hana shaka hazitaguswa. Basi kama uchunguzi hauguswi, mle ukumbini walikuwa wanahofia kupoteza nini?

Bwana Mwenyekiti, naona yule kijana wa MACO pale nyuma amesimama tangu nilipomtaja Nelson. Mpeni kipaza sauti.